Nani aliua ule farasi?

Bandugu wa shimoni, kuko mbio ya farasi yenye wengi kwetu hawajaona. Haiko ile ya dakika mbili ya kwenye televizio. Inaweza kufika kilometa 160 kwa siku moja, na kule Falme za Kiarabu, upande wa Dubai na Abu Dhabi, wanaikimbia ndani ya jangwa, magari yakifuata pembeni.

Kisha kila kipande cha njia, farasi anasimama mbele ya munganga wa nyama. Akipumzika dakika chache na moyo ungali unapita mara 64 kwa dakika, anatolewa. Akichechemea, anatolewa. Sisi wa sendika tuliposoma hivyo tuliangaliana. Ni mara ngapi tumeshuka na mugongo umekufa, na ni nani alituwekea sikio kifuani?

Lakini penye feza hapakosi ujanja. Farasi mwenye mufupa umeanza kupasuka, wengine wanamutoboa sindano ya ganzi ya mguu. Hasikie maumivu, anapita kwa munganga kama muzima, anakimbia mpaka mufupa unakatika. Mwanzo wa 2015, kule Falme za Kiarabu, farasi mumoja alivunjika miguu yote miwili ya mbele. Picha ikazunguka dunia. Mwezi wa Machi FEI, chama cha dunia cha michezo ya farasi, ikasimamisha federasio ya inchi ile, ikaiachilia Julai.

Haikutosha. Oktoba 2016, mara hii Fontainebleau, Ufaransa, mpandaji wa kutoka kulekule alikuwa juu ya farasi Castlebar Contraband. Mguu wa mbele ukavunjika, mufupa ukatoka inje, ikabidi wamuue asiteseke. Ingeweza kuitwa bahati mbaya na kuisha hapo. Hapana: maiti ilipasuliwa, wakakuta miguu ilikuwa imetobolewa sindano. Kesi ilikokotana karibu miaka mine. Juni 2020 tribinali ya FEI ikamufungia mpandaji miaka 20.

Angalieni vizuri: sheria yao inaandika mbele ya mbio kwamba mpandaji njo mwenye kujibu, hata kama sindano ilishikwa na mwingine. Jina linajulikana farasi angali muzima.

Sisi mwaka juzi tulizika mwenzetu. Kila asubuhi alikuwa anameza vidonge vya maumivu, vya kununua barabarani, ili asikose posti. Alianguka chini kule. Kampuni ikasema ni mutu wa yule anayekodisha wafanyakazi, yule akasema ni mambo ya shefu wa ekipi. Karatasi iliandikwa neno moja, "moyo". Hakuna aliyemupima. Bibi yake alipata sanduku na mifuko miwili ya unga, na kesho yake, saa tisa, tukamuzika.

Tumepeleka barua: maiti ipimwe mbele ya kuzikwa, na jina la mwenye kujibu liandikwe ukutani mbele posti haijashuka. Muhuri wa kupokea tuko nao. Jibu, bado.