"Mkono wa Tembo": Asili na Maana ya Jina la Ndizi

Miongoni mwa majina ya aina za ndizi yatumikayo katika mwambao wa Afrika Mashariki, *mkono wa tembo* limezoeleka kiasi kwamba maana yake haihojiwi. Mfasiri akutanapo nalo hulifasiri neno kwa neno, na hivyo kumpa tembo kiungo cha binadamu.

Ndizi yenyewe ni ya kupika, nayo ni kubwa mno: tunda moja huweza kufikia urefu wa sentimita 30. Mkungu wake huwa na chana chache, zenye matunda ya kuhesabika. Tunda hupinda na kuchongoka kuelekea nchani.

Neno *mkono* hapa laweza kueleweka kwa namna mbili. Kwanza, laweza kuwa mguu wa mbele wa mnyama, kama wachinjaji wasemavyo *mkono wa mbuzi*. Kisarufi fasiri hii haina dosari, lakini umbo la tunda linaikataa; mguu wa tembo ni nguzo iliyosimama wima, haukupinda wala haukuchongoka. Pili, laweza kuwa mkonga, ambao kwa Kiswahili huitwa pia mkono wa tembo, kwani ndio anaoshikia, anaolia na kunywea. Fasiri hii ndiyo yenye nguvu. Wala wazo hilo si la Waswahili peke yao: katika Kisanskriti tembo huitwa *hastin*, yaani "mwenye mkono".

Kuhusu asili, ikumbukwe kwamba jina kongwe la mnyama huyu ni *ndovu*, lenye ndugu zake katika Kiganda (*enjovu*) na Kikuyu (*njogu*). Kwa kuwa jina la ndizi limejengwa kwa *tembo*, yaelekea liliundwa ndani ya Kiswahili chenyewe, wala halikurithiwa. (*Tembo* kwa maana ya pombe ya mnazi haihusiki, pombe haina mkono.)

Liko pia suala la sarufi. Husemwa *ndizi mkono wa tembo*, si *ndizi ya mkono wa tembo*. Jina limewekwa sambamba na nomino, kama *ndizi kisukari*. Tofauti ni kwamba *kisukari* ni neno moja, na mtunga kamusi hulipa kidahizo bila kusita, ilhali *mkono wa tembo*, kwa kuwa ni kirai, hufichwa chini ya *mkono*, mahali ambapo mtafutaji wa jina la tunda hatalitazamia. Lastahili kidahizo chake, na fasiri itaje mkonga.