Kuagiza Mashua Mpya (2): Chombo Kwanza, Bei Baadaye

Katika sehemu ya kwanza tulieleza namna ya kumchagua fundi: tazama vyombo vyake vilivyokwisha kupigwa na maji miaka mitano au sita, na uwaulize manahodha wanaoviendesha kabla ya kumwuliza yeye mwenyewe. Leo tunaingia katika jambo linalogombanisha watu wengi pwani yetu, kuanzia Matondoni kule Lamu hadi Nungwi, Mafia na Kilwa. Jambo hilo ni bei.

Nianze na kisa changu. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mmoja wa watu saba tulioagiza mashua ya uvuvi kwa pamoja. Fundi alitaja bei, nasi tukambana asubuhi nzima mpaka akashuka kwa karibu robo. Tulirudi nyumbani tukipongezana. Pepo za kusi za mwaka wa pili zilipotulia, michirizi ya kutu ilikuwa inateremka kutoka vichwa vya misumari, na mbao mbili za ubavuni zilikuwa zimeanza kuoza. Tulipomwendea fundi, alitujibu kwa upole: "Ndugu zangu, mliniambia nipunguze. Hamkuniambia nipunguze wapi."

Hatukuwa na la kumjibu. Tulikuwa tumepatana nambari, hatukupatana chombo. Fundi akabaki na nambari ndogo na uhuru wa kuchagua mwenyewe pa kuibania, na mahali pepesi pa kubania ni pale ambapo macho ya mnunuzi hayafiki. Makala haya yote yanasimama juu ya somo hilo: bei haiwezi kuwa ya haki wala ya dhuluma mpaka ijulikane inanunua nini.

Chombo kisicho na ramani

Anayejenga nyumba huwa na ramani. Anayeagiza mashua kwa fundi wa pwani mara nyingi hana, kwa sababu mafundi wetu wengi huunda kwa jicho na kwa mkono uliozoea, kama walivyofundishwa na baba na wajomba zao. Hiyo ni elimu kubwa na sisemi iachwe. Lakini ina tatizo moja wakati wa kupatana: chombo kilicho kichwani mwa fundi na kile kilicho kichwani mwako huenda si kimoja.

Dawa yake ni kuonyesha chombo kilichopo. Nenda na fundi ufukweni wakati maji yametoka, simameni mbele ya mashua iliyokaa juu ya mchanga, umwambie: "Fundi, nataka kama hii, lakini kina kiongezeke na tezi iwe pana kidogo." Kisha pimeni kwa tepu na uandike: urefu wa mkuku, urefu wa juu kutoka hanamu hadi fashini, upana wa katikati na kina. Andika pia unene wa mbao za ubavu na nafasi iliyopo kati ya taruma moja na jingine. Vipimo hivyo sita ndivyo ramani yako. Mkibishana baadaye, mtarudi kwenye daftari, au mtarudi kwenye ile mashua yenyewe.

Udanganyifu wa bei ya futi

Watu wengi hukadiria bei kwa futi. Utasikia mtu akisema: "Fulani alitengenezewa ya futi 24 kwa kiasi hiki, basi ya futi 30 iongezeke robo tu." Hesabu hiyo humtia fundi hasarani au humtia mnunuzi kwenye chombo dhaifu.

Tuifanye vizuri. Kutoka futi 24 hadi 30, urefu umeongezeka kwa robo. Lakini chombo kikirefuka hupanuka na kuongezeka kina vilevile, vinginevyo kitakuwa kama ufito. Ikiwa vipimo vyote vitatu vimeongezeka kwa robo, eneo la kufunika kwa mbao litaongezeka kwa zaidi ya nusu, maana 1.25 mara 1.25 ni karibu 1.56. Nafasi ya ndani, yaani uwezo wa kubeba, itakaribia maradufu, maana ukizidisha tena kwa 1.25 unapata 1.95. Chombo kinachobeba mzigo maradufu hutaka pia mbao nene na mataruma mazito zaidi.

Kwa hiyo usishangae fundi akitaja bei ya futi 30 iliyo mbali sana na ile ya futi 24. Shangaa akitaja iliyo karibu, kisha umwulize ataipunguza kazi wapi.

Bei ivunjwe vipande

Mwombe fundi aivunje bei yake katika mafungu. Fundi mwaminifu hataona vibaya, na wengi hufurahi kuona mnunuzi anaielewa kazi yao. Mafungu yenyewe ni haya.

La kwanza ni mbao, na hapa ndipo penye fedha nyingi na ujanja mwingi. Taja mti kwa jina: mvule, msaji, mbambakofi, mwembe au mtondoo. Kila mmoja una bei yake na umri wake majini. Kwa mataruma, mafundi hutafuta matawi yaliyopinda yenyewe, na kule Lamu mlilana una sifa hiyo tangu zamani. Sema pia kwamba hutaki sehemu nyeupe iliyo karibu na gome, kwa sababu wadudu na uozo huanzia hapo, hata kama mti wenyewe ni mvule wa kusifika. Uliza mbao zimekaushwa kwa muda gani, kwani mbao mbichi hunywea baada ya kupigwa misumari na viungo vikaachana. Na uliza zina hati halali. Kenya ilipopiga marufuku ukataji katika misitu ya umma mwaka 2018, wakataji wa mikoko wa Lamu nao walisimamishwa, na mafundi wakahangaika kupata miti. Mbao za magendo zikikamatwa njiani, mashua yako itabaki mifupa kiundani na malipo yako ya kwanza yatakuwa yamekwenda nazo.

La pili ni misumari na vyuma. Fungu hili ni dogo kuliko la mbao, lakini ndilo lililotuangusha sisi. Msumari wa kawaida na ule uliopakwa zinki hutofautiana bei kidogo dukani, na hutofautiana miaka mingi baharini. Usikubali punguzo lolote linalotoka kwenye fungu hili.

La tatu ni kukalafati na kupaka: pamba, mafuta ya sifa, deheni ya chini na rangi ya juu. La nne ni ufundi wenyewe, yaani siku za fundi mkuu, wasaidizi wake na chakula chao. La tano ni mlingoti, foromali, tanga, usukani na nanga, ambavyo wengi husahau kuuliza kama vimo ndani ya bei. La sita ni kushua. Kuteremsha chombo majini kunataka watu, magogo na maji makubwa ya bamvua. Nani atawalipa na kuwalisha watu hao? Swali hilo limeharibu siku ya furaha ya watu wengi.

Ukishapata mafungu hayo kwa fundi mmoja, peleka vipimo vile vile kwa mafundi wengine wawili. Sasa unalinganisha kitu na kitu. Kulinganisha bei tatu za mashua tatu zisizofanana hakuna faida yoyote.

Namna ya kupatana

Majira yana sauti katika bei. Kila mvuvi anataka chombo chake kiwe tayari kaskazi ikianza na bahari ikitulia, kwa hiyo anayekwenda kwa fundi mwezi wa Oktoba hukuta foleni na hupokea bei ya foleni. Nenda masika yakiisha, mnamo Juni. Kipupwe ni kikavu, mbao hukauka vizuri, fundi ana nafasi, na wewe huna haraka. Mwenye haraka hana bei.

Mnapokaa kuzungumza, mpe fundi heshima yake. Msalimie, mwulize hali ya nyumbani, mwache aeleze kazi yake. Usiidharau kazi yake ili ashushe bei, maana mtu uliyemdhalilisha leo ndiye atakayepiga misumari chini ya mkuku wako kesho. Usitaje mapema ulicho nacho mfukoni. Bei yake ukiiona kubwa, usiseme "punguza". Uliza: "Fungu lipi tunaweza kulipunguza bila chombo kudhoofika?" Huenda deki ikawa fupi, rangi ukapaka mwenyewe, au mbao ukazinunua na kuzileta wewe, naye akalipwa ufundi peke yake.

Fundi asipoweza kushuka tena, badala ya fedha omba kitu. Makasia mawili, sanduku la samaki, au, bora kuliko yote, kukalafatiwa upya bila malipo baada ya mwaka mmoja. Ahadi hiyo kwake ni siku chache za kazi. Kwako ni dhamana, kwa sababu fundi anayejua chombo kitarudi mikononi mwake hukalafati vizuri tangu mwanzo.

Akikubali upesi mno bei ya chini, simama ufikiri. Wapo wanaochukua fedha za huyu kumalizia chombo cha yule. Hesabu vyombo vilivyolala kiundani bila kuguswa, kisha ujue chako kitakuwa cha ngapi.

Fedha zitolewe vipi

Ukitoa fedha zote mwanzoni, huna tena la kumharakishia fundi. Ukitoa kidogo mno, atakopa mbao mbichi kwa mwenye duka kwa bei ya mkopo, na gharama hiyo utailipa wewe. Utaratibu unaofaa ni kulipa kwa hatua zinazoonekana kwa macho. Kwa mfano: asilimia 30 za kununulia mbao, 20 mkuku, hanamu na fashini vikisimama, 20 mataruma yote yakiingia, 20 ubavu ukifungwa na kukalafatiwa, na 10 zibaki mpaka chombo kimeshuliwa na kukaa majini wiki mbili. Mbao kavu huvuja kidogo mwanzoni, kisha hunywa maji, zikavimba na viungo vikakaza. Wiki mbili zitakuonyesha kama uvujaji ni wa kawaida au ni kosa.

Kwa Waislamu, ambao ni wengi miongoni mwa mafundi na wanunuzi wa pwani, swali hili lina upande wa kisheria. Katika madhehebu ya Shafi, bei ya mauzo ya salam, yaani ya kitu kitakachokabidhiwa baadaye, hutolewa yote palepale mnapofunga mkataba, na wengine hudhani hakuna njia nyingine ya kuagiza kitu kisichokuwapo. Ipo, nayo ni istisnaa, mkataba wa kutengenezewa. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1992, lilipitisha kwamba mkataba huo unawafunga wote wawili ikiwa aina ya kitu, sifa zake, kiasi na muda vimebainishwa. Kwamba bei yake yaweza kucheleweshwa au kulipwa kwa mafungu. Na kwamba inajuzu kuweka fidia ya uchelewaji, isipokuwa kikitokea kikwazo kisichozuilika.

Sheria za nchi nazo hazipingani na hayo. Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, hutambua hata makubaliano ya mdomo. Lakini ya mdomo huthibitishwa kwa shida. Andikeni kurasa mbili, vipimo vyote vikiwemo, mtie saini mbele ya mashahidi wawili. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Neno kwa wanunuzi wa boti za faiba

Kanuni ni ileile, mafungu ndiyo yanayobadilika. Uliza idadi ya matabaka ya faiba chini na ubavuni, unene wake, na kama kuna vyumba vya hewa au povu la kuielesha boti ikijaa maji. Bei ya boti na bei ya mashine ziandikwe mbali mbali, maana wauzaji wengine hushusha moja na kuificha tofauti katika nyingine. Angalia kuwa nambari ya mashine inalingana na ya kwenye karatasi zake. Uliza pia kama bei ina VAT ndani yake. Kiwango cha kawaida ni asilimia 18 Tanzania Bara na 16 Kenya, na zipo zana za uvuvi zilizosamehewa kodi hiyo, kwa hiyo muulize muuzaji na mamlaka ya kodi kabla ya kulipa.

Sehemu ijayo itaeleza ukaguzi wa chombo kabla ya kukipokea, pamoja na usajili wake.

Kwa leo nakuomba jambo moja, ndugu msomaji unayeweka akiba ya kununua chombo. Usiende kwa fundi na nia ya kumshinda. Fundi akishindwa katika bei, atakayelipa ni baharia aliye ndani ya mashua, usiku, mbali na pwani. Fundi akilipwa haki yake, mwanawe ataona kuna maisha katika tezo na keekee, naye atabaki kiundani kumwundia mwanao. Nenda na tepu, daftari na shahidi. Patana chombo mpaka kieleweke, kisha bei.