Kompaila ilipokosea kimya: jinsi hitilafu ya GCC ilivyonaswa ndani ya Linux

Mwezi wa Julai mwaka wa 2014, watu waliokuwa wakijaribu toleo la 3.16 la Linux kabla halijatoka rasmi walianza kuona kompyuta zao zikianguka ovyo, bila sababu ya kueleweka. Msimbo wa Linux ulisomwa tena, na mahali pale palipotajwa kwenye ripoti za kuanguka hapakuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwingine kabisa: ndani ya GCC, programu ambayo kazi yake ni kugeuza maandishi ya watunga programu kuwa amri zinazofuatwa na mashine.

Programu ya namna hiyo huitwa kompaila. Wengi wetu hatujawahi kuiona, ila kazi yake tunaitumia kila siku. Simu ya Android iliyo mkononi mwako inatembea juu ya kiini cha Linux, na kiini hicho ni mamilioni ya mistari iliyoandikwa hasa kwa lugha ya C. Prosesa haijui C. Inajua amri fupi fupi tu: chukua namba hii, iweke pale, linganisha, ruka. Kati ya C na amri hizo amesimama mkalimani, na mkalimani huyo ndiye kompaila. Akikosea, mwandishi hodari anatoa programu mbovu bila kujua.

GCC ilianzishwa na Richard Stallman, ikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1987. Mwenzake mkubwa katika programu huria ni LLVM, iliyozaliwa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani mwaka wa 2000. Zote mbili, msimbo wake uko wazi: yeyote anaweza kuuchukua, kuusoma, kuujenga kwenye mashine yake na kuurekebisha. Tutaona mbele kwamba jambo hilo ndilo lililoamua kesi ya 2014.

Kosa linalopiga kelele

Kwanza tuseme neno juu ya makosa ya kawaida, yale ambayo kila mwanafunzi wa informatika anayakuta siku anapojaribu kujenga programu kubwa. Unaandika amri ya kuanza, mistari inatiririka kwenye kioo, halafu kila kitu kinasimama. Kioo kinajaa maneno ya Kiingereza, mara nyingine mistari mia na zaidi.

Wanaoanza husoma mstari wa mwisho. Ni kawaida, kwa kuwa ndio ulio mbele ya macho. Lakini mstari wa mwisho mara nyingi unasema tu kwamba kazi imeshindikana. Kosa lenyewe liko juu, na la kwanza ndilo la kutazama. Nukta-mkato moja iliyosahauliwa inaweza kuzaa malalamiko ishirini chini yake, na ukiiweka mahali pake yote ishirini yanatoweka pamoja. Ukiwa umeagiza kompaila ifanye kazi kadhaa kwa wakati mmoja, ujumbe wa kazi moja unachanganyika na wa nyingine. Basi endesha tena kazi moja moja, kosa litajitokeza peke yake.

Kuijenga GCC yenyewe kuna vikwazo vyake vinavyojulikana. Inahitaji maktaba tatu za hesabu, yaani GMP, MPFR na MPC, na zikikosekana ukaguzi wa mwanzo unakataa kuendelea. Ndani ya msimbo wa GCC mna hati ndogo inayozipakua zote tatu, na wengi wanaoteseka kuzitafuta moja moja hawajui kwamba ipo. Kwa LLVM tatizo kubwa ni kumbukumbu ya mashine. Hatua ya mwisho, ya kuunganisha vipande kuwa programu moja, hula RAM nyingi mno. Mashine ikizidiwa, Linux inaiua kazi hiyo, na unachokiona ni neno moja tu la kwamba imeuawa. Msimbo hauna kosa hapo. Punguza idadi ya kazi za kuunganisha zinazokwenda pamoja, na uwe mvumilivu.

Na umeme ukikatika katikati? Kwetu hilo si swali la nadharia. Kazi ya saa tatu haipotei yote: programu ya make hutazama tarehe za mafaili na kuendelea na yale ambayo hayajajengwa. Hatari ni faili moja lililokuwa likiandikwa wakati taa zinazima. Laweza kubaki tupu au nusu, nalo make inaliona kuwa limekwisha kwa sababu tarehe yake ni mpya. Baadaye kiunganishi kinatoa lawama za ajabu ambazo hazina uhusiano na chochote ulichoandika. Futa mafaili ya dakika zile za mwisho, ujenge tena.

Makosa haya yote yanaudhi, lakini yana heshima: yanajitangaza.

Kosa linalonyamaza

Lile la 2014 halikujitangaza. GCC 4.9.0 ilijenga Linux hadi mwisho bila ujumbe wowote wa kosa, na kiini kilichotoka kiliwaka na kufanya kazi. Kilichokuwa kibaya ni amri chache ndani ya kazi moja inayoitwa load_balance, ambayo hugawa shughuli kati ya prosesa ili moja isilemewe huku nyingine zimekaa bure.

Ili kulielewa kosa, fikiri juu ya soko. Muuzaji anapofika asubuhi, kwanza anachukua nafasi yake kwenye meza, kisha anapanga bidhaa. Programu nayo iko hivyo. Kazi inapoanza, inatenga nafasi yake kwenye sehemu ya kumbukumbu iitwayo rundo, halafu inaweka humo vitu inavyotaka kuvikumbuka. Katika load_balance nafasi ya kutengwa ilikuwa baiti 184. Lakini GCC, kama kompaila zote za kisasa, hupanga upya mfuatano wa amri ili prosesa isingoje bure. Katika kupanga huko ilitanguliza amri ya kuweka kitu kwenye rundo, ikaacha nyuma amri ya kutenga nafasi. Bidhaa zikakaa mezani kabla meza haijawa na mwenyewe.

Mara nyingi hakuna kinachotokea, maana nafasi inatengwa amri chache baadaye, na amri chache kwa prosesa ni muda usiohesabika. Ila ndani ya muda huo saa ya mashine au kadi ya mtandao ikigonga mlango kuomba huduma, prosesa inaacha kila kitu na kwenda kuihudumia, na inaandika mambo yake palepale kwenye meza isiyo na mwenyewe. Load_balance inaporudi kuchukua ilichokiweka, inakuta kitu kingine, inakitumia kama anwani, na mashine inaanguka.

Programu za kawaida zina kinga kidogo: kwenye prosesa za x86 za biti 64, baiti 128 zilizo chini ya ncha ya rundo hazipaswi kuguswa na mgeni. Kiini cha Linux hakina kinga hiyo, kwa sababu wageni wenyewe, yaani hizo simu za vifaa, hushukia rundo lilelile.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliposoma ripoti ya kuanguka aliona kwamba thamani iliyoharibika haiwezi kutokana na msimbo wa C. Akamwomba aliyeripoti amtumie faili la asembli, yaani amri zenyewe za mashine katika umbo ambalo mtu anaweza kulisoma. Humo ndimo alimoona mambo yakiwa kinyume: kuweka mbele, kutenga nyuma. Aliona pia kwamba kitu kilichowekwa kilikuwa anwani isiyobadilika kamwe, kitu ambacho hakikuhitaji kuhifadhiwa popote. Kwa toleo la 4.8 la kompaila, mashine ileile ilikuwa salama.

Torvalds aliwatupia wenye GCC maneno makali, kama ilivyokuwa desturi yake miaka ile. Kwa maoni yangu maneno hayo hayakusaidia kitu. Kilichosaidia ni lile faili la asembli. Malalamiko ya kwamba kompaila ni mbovu hayampi mrekebishaji pa kushika. Mistari miwili iliyo kinyume inampa. Kumbe hata GCC wenyewe walikuwa tayari na ripoti ya hitilafu hiyohiyo iliyotoka kwa programu nyingine, na marekebisho yalikwisha kuingia katika msimbo wao mpya.

Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba kosa lilitokea pale tu programu ilipojengwa pamoja na taarifa za uchunguzi, zile zinazomsaidia mtunzi kufuatilia thamani zinapokwenda. Kanuni ya zamani inasema taarifa hizo ni maandishi ya pembeni, hazipaswi kubadilisha hata amri moja. Hapa zilibadilisha. Na udhaifu huo ulikuwa umelala ndani tangu GCC 4.5 ya mwaka wa 2010. Mabadiliko madogo katika 4.9 ndiyo yaliyouamsha.

Tarehe 26 Julai 2014 Torvalds aliingiza dawa ya muda: chaguo moja katika hati ya kujenga Linux, linaloizima ile sehemu ya GCC inayofuatilia thamani. Bei yake ni taarifa za uchunguzi zenye ubora mdogo kidogo, na aliona ni afadhali hivyo kuliko kuzalisha amri zisizo sahihi.

Nani anamkagua mkalimani?

Swali linabaki: kompaila inajijuaje kama imepona? GCC ina njia yake, na nadhani ni moja ya mawazo mazuri zaidi katika ufundi huu. Inajijenga mara tatu. Mara ya kwanza inajengwa na kompaila yoyote uliyo nayo. Ile iliyotoka inajenga GCC kwa mara ya pili, na ya pili inajenga ya tatu. Ya pili na ya tatu zimetoka kwenye msimbo uleule, basi vipande vyake vinapaswa kulingana. Visipolingana, ujenzi unasimama. Zaidi ya hayo, kwa kawaida mzunguko mmoja hujengwa bila taarifa za uchunguzi na mwingine nazo, ili kukamata kosa la ukoo uleule wa 2014. Lakini mtihani huo unapima msimbo wa GCC tu. Load_balance haikuwa sehemu ya mtihani.

Ndiyo maana watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah walitunga Csmith, programu inayoandika programu nyingine za C kwa kubahatisha, maelfu kwa maelfu, kisha inazipitisha kwenye kompaila mbalimbali na kulinganisha majibu. Majibu yakitofautiana, kuna anayedanganya. Katika ripoti yao ya mwaka wa 2011 walisema wamegundua hitilafu zaidi ya 325 ambazo hazikuwa zimejulikana, na kila kompaila waliyoijaribu ilipatikana na kosa.

Moja ilisumbua watafiti hao kwa namna nyingine. Ni CompCert, iliyotungwa na Xavier Leroy na wenzake wa taasisi ya INRIA nchini Ufaransa, ambayo sehemu yake kubwa imethibitishwa kwa hesabu, hatua kwa hatua. Katika sehemu ile iliyothibitishwa Csmith haikupata hata amri moja isiyo sahihi. Hata hivyo, kazi ya kuithibitisha ni nzito, na amri zake haziendi mbio kama zile za GCC ikiwa katika nguvu zake zote. Kwa hiyo dunia kwa sehemu kubwa imebaki na GCC na LLVM, pamoja na watu wanaozisoma.

Kwa anayetaka kuwa mmoja wao, njia ni ileile ya 2014. Jaribu toleo jingine la kompaila. Punguza kasi ya uboreshaji uone kama kosa linaondoka, ingawa kuondoka kwake hakutoshi kuilaumu kompaila: mara nyingi zaidi msimbo wako ndio uliovunja sheria za C. Kata programu yako nusu, kisha nusu tena, hadi ibaki mistari michache inayokosea bado. Kisha omba asembli, uisome. Kazi hiyo haihitaji mashine ya bei kubwa wala kifurushi kikubwa cha intaneti.

Lile chaguo la dawa ya muda lilikaa ndani ya Linux kwa miaka. Mwaka wa 2020 lilibadilishwa litumike kwa matoleo ya zamani ya GCC peke yake, maana mapya yalikuwa yanapoteza taarifa za uchunguzi bila sababu. Mwaka uliofuata Linux 5.15 ikatangaza kwamba haikubali tena kujengwa na GCC iliyo chini ya 5.1.