Broka wa nyumba si wakala

UKITAFUTA nyumba ya kupanga Umoja, Donholm au Kayole, utaambiwa, "Ongea na ajenti." Kisha utapigiwa simu na mtu anayetaka kwanza umtumie pesa za kuonyeshwa nyumba. Kwa maoni yangu, huyo si ajenti. Ni broka, na Kiswahili kina jina lake la miaka mingi: dalali.

Dalali na wakala yote ni maneno yenye asili ya Kiarabu, lakini shina si moja. Dalali ni ndugu ya dalili. Shina lake linahusu kuonyesha na kuelekeza. Wakala yumo katika ukoo wa wakili na wakilisha, na shina hilo linahusu kukabidhi. Dalali basi anajua ploti gani ina chumba na anakupeleka, basi. (Wengi ni vijana wanaojitafutia riziki, si wezi.) Wakala amekabidhiwa nyumba na mwenyewe: anapangisha, anakusanya kodi, anaweka dipoziti yako, anaita fundi mfereji ukipasuka.

Matumizi ya Nairobi yamevuruga mpaka huu. Kwa Wakenya wengi, dalali ni yule wa mnada, anayekuja kubeba viti na runinga kodi ikikushinda. Mwonyesha nyumba akakosa jina, akachukua la ajenti. Dar es Salaam hawana shida hiyo: dalali ni wa nyumba na viwanja, na kwa desturi hulipwa kodi ya mwezi mmoja. Marekani ni kinyume chetu kabisa, kwani huko broka ndiye mwenye leseni ya juu na ajenti hufanya kazi chini yake.

Sheria yetu ya mawakala wa nyumba na ardhi ya 1984, Sura ya 533, haina ngazi ya broka. Inamtambua wakala tu, tena aliyesajiliwa na bodi. Anayepangisha nyumba za watu kwa kamisheni bila usajili huo anavunja sheria, ajiite atakavyo.

Kisarufi, ni mabroka hawa na mawakala hawa. Nimewahi kusikia "mabroka haya", nadhani kwa hasira.

Ukiombwa dipoziti, muulize anayeiomba: nani amekukabidhi nyumba hii? Broka atakwambia anajuana na keateka. Wakala atakuonyesha cheti chake cha usajili na barua ya mwenye nyumba, halafu akukatie risiti.