Uvira: Kikombe hakitoshi kupima klabu inayolea vijana

Kwenye mwambao wa kaskazini wa Ziwa Tanganyika, kuanzia Kavimvira na Kalundu hadi Baraka, klabu ya mpira husifiwa kwa kikombe ilichoshinda. Kwa klabu inayokusanya watoto wa miaka 12 au 13, kipimo hicho kinadanganya. Timu ya vijana inaweza kushinda kwa kuchezesha wenye ndevu, na miaka mitano baadaye asionekane hata mmoja wao kwenye timu kubwa.

Kwamba mwambao huu unazaa wachezaji, hakuna anayebisha. Shabani Nonda alizaliwa Bujumbura mwaka 1977, ng'ambo tu ya Uvira. Alipitia Yanga ya Dar es Salaam, Afrika Kusini, Zürich na Rennes, kisha akachukuliwa na Monaco mwaka 2000. Msimu wa 2002-2003 alifunga magoli 26 na kuwa mfungaji bora wa ligi ya Ufaransa. Leopards nao walimtumia. Lakini klabu zilizomfundisha utotoni zilibaki na nini?

Swali hilo sasa lina hesabu yake. Tangu 2001, mchezaji akiuzwa nchi nyingine kabla ya mkataba wake kuisha, FIFA inataka 5% ya bei igawiwe klabu zilizomlea kati ya miaka 12 na 23. Akiuzwa dola 1.000.000, klabu iliyokuwa naye inapata dola 2.500 kwa kila msimu wa miaka 12 hadi 15, na dola 5.000 kwa kila msimu wa baada ya hapo. Aliyemlea tangu miaka 12 hadi 17 anastahili dola 20.000. Kwa klabu inayocheza na mipira miwili iliyochakaa, hizo si pesa ndogo.

TP Mazembe ya Lubumbashi husifiwa sana kwa Mbwana Samatta, ambaye ilimtoa Simba mwaka 2011 na kumuuza Genk ya Ubelgiji mwaka 2016. Sifa hiyo ni ya haki, ila ni sifa ya jicho la kuchagua. Samatta alifika Lubumbashi akiwa na miaka 18, tayari anajua kufunga. Kulea ni kazi nyingine, na ndiyo inayofanyika huku ziwani.

Mpaka nao unahusika. FIFA inakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamia klabu ya nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache. Mojawapo inawagusa watu wa Uvira: mtoto anayeishi ndani ya kilomita 50 za mpaka anaweza kuandikishwa na klabu iliyo ndani ya kilomita 50 upande wa pili, mradi aendelee kulala kwao na mashirikisho ya nchi zote mbili yakubali. Bujumbura iko ndani ya umbali huo. Anayevushwa kimyakimya na mtu aliyejiita ajenti hana ruhusa hiyo, na misimu yake huko haiandikwi popote.

Kwa hiyo mzazi wa Mulongwe anayetaka kujua kama klabu inafanya kazi aanzie kwenye leseni. Aulize wangapi kati ya walioandikishwa miaka mitano iliyopita bado wanacheza, na wapi. Halafu alinganishe jina na tarehe ya kuzaliwa kwenye leseni ya mwanawe na zile za cheti cha kuzaliwa. Zikitofautiana, zisahihishwe sasa, mtoto akiwa bado na miaka 13.