Neno la Kijiweni Liwekwe Mezani

Jumamosi moja mwanzoni mwa Oktoba 2025 nilikuta mabishano yamepamba moto kwenye kibaraza cha fundi kompyuta, katika uchochoro mmoja wa Kariakoo, Dar es Salaam. Dada mmoja, mwalimu wa sekondari, alikuwa ameikumbatia laptopu yake kama mtu aliyeletewa habari ya msiba. Kazini walikuwa wamemwambia kwamba ikifika tarehe 14 ya mwezi ule, kompyuta zote zenye Windows 10 zitazima na hazitawaka tena.

"Ni kweli, dada," akadakia kijana aliyekalia ndoo iliyopinduliwa. "Iuze mapema, wiki ijayo hutapata hata wa kuitazama."

Mwingine akasema hazitazima, ila zitalipiwa kila mwezi. Wa tatu akaapa kwamba ukikata intaneti siku hiyo, umepona. Muuza kahawa naye akatua birika lake ili asikie vizuri.

Fundi, mtu wa makamo ambaye sote pale tunamwita Mzee, hakujibu. Alichukua kitambaa, akafuta meza, akasema maneno mawili ambayo nimeyasikia kinywani mwake kwa miaka mingi: "Weka mezani."

Wahenga walisema penye wengi pana mengi, na kwenye vijiwe vya wapenzi wa kompyuta mengi hayo hayana mwisho. Utasikia simu ambayo haijatoka lakini mtu tayari anaijua kamera yake. Utasikia prosesa ipi ni chuma na ipi ni bati, mashine gani inakula chaji, programu gani inaigandisha kompyuta, na nani anajua kupiga window, yaani kuweka Windows upya, bila kupoteza mafaili ya mwenye mali. Mpita njia anaweza kudhani ni soga za kupotezea muda. Mimi nasema ni shule, tena kwa wengi wetu ndiyo shule pekee ya kompyuta tuliyowahi kuipata. Sikufundishwa kompyuta darasani. Karibu yote ninayoyajua niliyaokota vibarazani, nikiwa nimesimama, kikombe cha kahawa mkononi. Ndiyo maana ninajali sana yanayosemwa pale, na zaidi jinsi yanavyopimwa.

Gereji ya Menlo Park

Shule ya namna hii si yetu peke yetu. Usiku wa tarehe 5 Machi 1975, mvua ikinyesha, watu wapatao 30 walikusanyika katika gereji ya Gordon French huko Menlo Park, California. Yeye na mwenzake Fred Moore ndio walioitisha mkutano. Kilichowakusanya ni kompyuta iitwayo Altair 8800, iliyokuwa imetokea kwenye jalada la jarida la Popular Electronics la Januari mwaka huo. Iliuzwa na kampuni ndogo ya MITS ya mji wa Albuquerque, na mnunuzi alitumiwa vipande akaunganisha mwenyewe. Haikuwa na skrini wala kibodi. Ilikuwa na swichi na vitaa mbele, na kumbukumbu ya baiti 256, ambayo haitoshi hata kubeba aya unayoisoma sasa.

Habari za mashine hiyo zilikuwa nyingi kuliko mashine zenyewe. Watu walikuwa wamelipa na mzigo haujafika, na kila mtu alikuwa na lake la kusema. Steve Dompier hakuridhika na maneno. Alisafiri hadi Albuquerque akaitazama kampuni kwa macho yake, kisha akaja kuwaeleza wenzake alichokikuta.

Wiki chache baadaye Dompier huyo huyo aliwaletea Altair yake. Akaingiza programu kwa kubonyeza swichi moja baada ya nyingine, akaweka redio ndogo kando yake, na redio ikaanza kuimba. Mawimbi ya umeme yaliyotoka kwenye mashine yalikuwa yakinaswa na redio, naye alikuwa amepanga hesabu za kompyuta zifuatane kiasi cha kutoa sauti za wimbo. Hadi siku ile walikuwa wakibishana kama kisanduku kile kinaweza kufanya jambo lolote la maana. Jibu walilopewa lilisikika kwa masikio yao wenyewe.

Kundi hilo liliitwa Homebrew Computer Club. Lilipokua likahamia ukumbi wa kituo cha utafiti cha Stanford, na mikutano ikaongozwa na Lee Felsenstein. Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Kwanza watu walinyoosha mikono na kutaja walichonacho, wanachokitafuta au uvumi waliousikia. Kisha wakaachiwa watafutane wao kwa wao. Uvumi haukukatazwa. Ulisemwa hadharani, mbele ya wenye ujuzi, mahali ambapo aliyejua angeweza kuusahihisha usiku ule ule. Kijana mmoja aliyehudhuria tangu siku ya kwanza, Steve Wozniak, alichora kompyuta yake na kuwagawia wenzake michoro bure. Mwaka 1976 kompyuta hiyo ilianza kuuzwa kwa jina la Apple I.

Yalikuwapo pia ya kuumiza. Februari 1976 Bill Gates, akiwa na miaka 20, aliwaandikia barua ya wazi wapenzi wa kompyuta akilalamika kwamba wengi wao wanatumia programu yake ya BASIC bila kuilipia. Nusu karne imepita na shauri hilo bado liko vijiweni kwetu, kila anapotokea mtu na programu iliyovunjwa kufuli. Nami nasimama hapa: aliyetoa jasho alipwe, na anayetaka cha bure atafute kile ambacho mwenyewe amekitoa bure. Hicho kipo, tena kingi. Mlango uliovunjwa humwingiza na asiyealikwa, na programu za namna hiyo mara nyingi huja na virusi vyake ndani.

Flashi iliyochakachuliwa

Nina sababu yangu ya kuipenda meza ya Mzee. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua mtaani flashi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya kutupa. Nikahamishia humo picha za harusi ya mdogo wangu, na kwa kuwa simu ilikuwa imejaa, nikazifuta kwenye simu. Baada ya wiki mbili nikataka kuwaonyesha wazee nyumbani. Picha za mwanzo zilifunguka vizuri. Zilizobaki zilikuwa na majina na ukubwa wake, lakini ndani hamna kitu. Mama alipouliza, "Na pale tulipokata keki?", nilikosa la kusema.

Pale kibarazani kila mmoja alikuwa na maelezo yake. Virusi. Joto. Nimeichomoa vibaya. Mzee akaichukua, akaichomeka kwenye kompyuta yake, akaanza kuijaza mafaili ya majaribio hadi ikasema imejaa. Kisha akaiamuru kompyuta isome upya kila ilichoandika. Kazi hiyo ilichukua saa nyingi. Jibu lilipokuja, flashi ya GB 512 ilikuwa na GB 16 tu za kweli.

Akanieleza jinsi inavyofanywa. Ndani ya flashi kuna chipu ya kuhifadhi na chipu ndogo ya kuongoza, na kompyuta haiwezi kuuona ukubwa wa ghala yenyewe. Huamini inachoambiwa na chipu ya kuongoza. Wachakachuaji huichokonoa hiyo ili idanganye. Ghala ya kweli ikijaa, flashi huendelea kupokea mafaili kana kwamba nafasi ipo, huku ikiyaandika juu ya yale ya zamani au kuyatupa kabisa. Zipo programu za bure za kuwaumbua, kama H2testw ya Windows na F3 ya Linux. Tangu siku hiyo nimeshika kanuni moja: flashi haipimwi kwa kusoma kilichoandikwa juu yake, inapimwa kwa kuijaza.

Picha za harusi hazikurudi. Lakini kila mtu aliyekuwapo siku ile aliondoka akijua jambo la kumwokoa, na wengine wawili walitoa flashi mifukoni mwao wakaomba zipimwe hapo hapo.

Lisemwalo lipo

Methali yetu inasema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kwenye mambo ya kompyuta nimeona kwamba mara nyingi lisemwalo lilikuwapo, lakini wakati wake ulikwisha pita.

Chukua agizo la kuchaji simu mpya saa nane mfululizo kabla ya kuitumia. Hadi leo wauzaji wengine husisitiza hivyo. Zamani, enzi za betri za nikeli, agizo hilo lilikuwa na maana, kwani betri zile zilihitaji kuzoeshwa chaji ndefu. Betri za lithiamu zilizomo kwenye simu na laptopu za leo hazihitaji hivyo. Zina saketi ya kukata chaji zinapojaa, na adui yao mkubwa ni joto na kukaa muda mrefu zikiwa zimejaa pomoni. Ndiyo sababu laptopu nyingi mpya zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Anayelaza simu chini ya mto ikiwa kwenye chaja aogope joto la mto kuliko wingi wa saa.

Kumbuka pia hofu ya mwaka 2000. Tuliambiwa saa sita ya usiku ikigonga, mabenki yatafunga na ndege zitaanguka. Tatizo lilikuwapo kweli: programu nyingi za zamani ziliuandika mwaka kwa tarakimu mbili, hivyo 00 ingeweza kusomwa kuwa 1900. Wataalamu walikesha kwa miaka wakirekebisha, na kulipopambazuka salama, ukazuka uvumi wa pili kwamba yote yalikuwa uongo. Nauona huo wa pili kuwa mbaya kuliko wa kwanza, maana ulifuta jasho la waliotuokoa.

Kwa lugha yetu

Kuna jambo jingine linalonifanya nivithamini vijiwe hivi: huko ndiko Kiswahili cha kompyuta kinakofanya kazi kila siku. Wasomi wametupa maneno, na mengine yameota mizizi. Faili, kipanya, tovuti na barua pepe hakuna anayeyastaajabia. Kenya wanafunzi husoma tarakilishi. Tanzania tumebaki na kompyuta. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisini ambazo maelekezo yake yalikuwa kwa Kiswahili. Mwaka huo huo ulitoka mfumo wa Ubuntu, ulioanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na kwa miaka kadhaa aliyeomba alitumiwa diski zake kwa posta bila malipo. Diski ya namna hiyo iliyofika kwenye sanduku la posta la mtu mmoja iliweza kuzunguka mtaa mzima.

Mfumo huo umejengwa juu ya Linux, kazi iliyoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, mwanafunzi wa Helsinki, aliyeutangazia umma kwamba anafanya jambo la kujifurahisha tu, akaomba maoni. Watu wakaitika, wakaisoma programu yake mstari kwa mstari, wakaonyesha makosa, wakarekebisha. Mswahili hahitaji kuelezwa kwa nini ilifaulu. Penye wengi hapaharibiki neno, mradi wengi hao wameonyeshwa kazi yenyewe na kuruhusiwa kuishika.

Siku ya tarehe 15

Turudi kwa mwalimu wetu. Laptopu ilipowekwa mezani, Mzee aliiwasha akasoma sifa zake: prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, RAM ya GB 8, na diski ya zamani ya kuzunguka. Akamweleza taratibu. Tarehe 14 Oktoba haizimi kompyuta yoyote. Siku hiyo Microsoft inaacha kuziba bure matundu ya usalama ya Windows 10, hivyo mashine itaendelea kuwaka, ila kadiri siku zinavyopita wezi wa mtandaoni watazidi kupata pa kupenyea. Ipo nafasi ya kujiandikisha ili kuongezewa mwaka mmoja wa viraka. Windows 11 rasmi haiikubali prosesa ile. Kwa Intel, kawaida inataka kizazi cha nane na kuendelea, pamoja na chipu ya usalama ya TPM 2.0.

"Kwa hiyo yule hakukosea sana," mwalimu akasema, akimwangalia kijana wa ndoo.

"Hakukosea tarehe," Mzee akajibu. "Alikosea kinachotokea. Mdogo wangu, hebu njoo ushike bisibisi."

Kijana akafungua mfuniko wa chini. Akaitoa diski ya kuzunguka, akaweka SSD, diski isiyozunguka. Mzee akachomeka flashi yenye Linux, akaihamishia Linux hiyo kwenye SSD, na mashine ilipowashwa tena ikawaka haraka kiasi kwamba mwalimu alidhani haikuwa imezimwa. Akajaribu kuandika swali la mtihani, akaliona, akacheka. Kijana alikuwa bado ameishika diski ya zamani akiigeuzageuza, akiuliza ndani yake kuna nini kinachozunguka.

Tarehe 15 Oktoba nilipita pale asubuhi. Mzee hakuwa amefika. Mwalimu alikuwa amesimama kibarazani na mfuko wenye laptopu mbili za ofisi ya walimu, ambazo mtu fulani shuleni ameshatangaza kuwa zimekufa jana. Kijana alikuwa amekwisha futa meza.

"Aliyesema zimekufa," akamuuliza, "aliziwasha?"

Mwalimu akafikiri kidogo, akatikisa kichwa, akaanza kuzitoa mfukoni.