Robert Fripp: mpiga gitaa aliyesoma kontra yake mpaka mstari wa mwisho

Kama uliwahi kuwasha kompyuta yenye Windows Vista, basi umekwisha kumsikia Robert Fripp, hata kama jina lake halikuambii kitu. Ile sauti fupi, kama sekunde nne hivi, iliyokuwa inakukaribisha kabla ya kuanza kazi, ilitokana na gitaa aliyoipiga kwa ajili ya Microsoft. Vista ilitoka mwaka 2007. Wakati ule mzee alikuwa na karibu miaka 50 ya kupiga gitaa, na watu wengi zaidi walimsikia kwa zile sekunde nne kuliko kwa disiki zake zote.

Alizaliwa tarehe 16 mwezi wa 5 mwaka 1946, Wimborne, mji mdogo wa Dorset, kusini mwa Uingereza. Baba yake alikuwa na biro ya kuuzisha nyumba na viwanja, na mpango wa familia ulikuwa mtoto aingie biro ile ile. Gitaa ya kwanza alipewa kwa Noeli ya 1957, akiwa na miaka 11. Mwenyewe amerudilia mara nyingi kusema kwamba hakuwa na kipaji: sikio lake halikutofautisha sauti, na mapigo ya muziki yalikuwa yanamponyoka. Tena ni mtu wa mkono wa kushoto, lakini alijifunza kupiga sawa watu wa mkono wa kuume. Habari za wanamuziki kwa kawaida zinaanza na mtoto wa ajabu ambaye kila mtu alimshangaa. Hii inaanza na mtoto ambaye mwalimu mwenye haraka angemrudisha nyumbani.

Kule Bournemouth alisoma uchumi, historia ya uchumi na historia ya siasa, na usiku alikuwa anapiga katika orkestra ya hoteli ya Majestic, miziki ya kuchezesha watu wazima. Mwaka 1967 ndugu wawili, Michael na Peter Giles, walitoa tangazo: wanatafuta mpiga kinanda anayejua kuimba. Fripp hakuwa mwimbaji, wala mpiga kinanda. Akaenda hata hivyo, wakamchukua. (Ninyi mnaoogopa kutuma dosie juu hamtimizi masharti yote ya tangazo, muone.) Disiki yao ya 1968 haikununuliwa sana, lakini kutoka kwa kikundi kile njo kulizaliwa King Crimson, mwanzoni mwa 1969.

Mambo yalikwenda kwa mbio. Mwezi wa 7 mwaka ule ule walipiga Hyde Park, London, mbele ya mamia ya maelfu ya watu waliokuja kuona Rolling Stones. Mwezi wa 10 wakatoa In the Court of the Crimson King, disiki iliyochanganya roki, jazi na muziki wa kizungu wa zamani kwa namna ambayo haikuwa na jina bado. Mwezi wa 12, wakiwa kwenye safari ya Marekani, wenzake wawili wakasema wamechoka, wanaondoka. Fripp akawaambia: afazali niondoke mimi, ninyi mubaki na orkestra. Wakakataa. Tangu siku ile wanamuziki waliingia na kutoka, na ni yeye peke yake aliyebaki kutoka mwanzo mpaka mwisho. Mimi binafsi disiki zilizofuata mara moja zinanichosha kidogo. Zinasikika sawa mtu anayetafuta mlango gizani.

Mlango aliupata nje ya King Crimson, mwaka 1972, nyumbani kwa Brian Eno kule London. Eno alikuwa na mashini mbili za kurekodi za Revox, zile za mkanda mkubwa. Mashini ya kwanza inarekodi gitaa. Mkanda haukai pale, unanyooshwa mpaka kwenye mashini ya pili, na ile ya pili njo inausomesha. Kwa hiyo kile ulichopiga sasa kinasikika tena kisha sekunde kadhaa, kulingana na umbali kati ya mashini hizo mbili. Halafu sauti ile ya pili inarudishwa kwenye ya kwanza, inarekodiwa tena pamoja na kile unachopiga sasa hivi, na mzunguko unaendelea. Nota moja inakuwa mbili, mbili zinakuwa nne, mpaka mtu mmoja aliyeketi anasikika sawa kwaya nzima. Wanamuziki wa Marekani kama Terry Riley na Pauline Oliveros walikuwa wamekwisha kutumia njia hiyo. Fripp aliitia kwenye gitaa ya roki, na baadaye ikaitwa Frippertronics. Leo kifaa kidogo cha mguu kinafanya kazi hiyo. Wakati ule ilihitaji meza mbili na uvumilivu.

Mwaka 1974 King Crimson ilikuwa na nguvu kuliko wakati wowote. Fripp akaivunja, hata kabla disiki yao Red haijafika madukani. Hakwenda kuanzisha orkestra ingine. Alikwenda Sherborne House, nyumba ya mafundisho iliyoanzishwa na J. G. Bennett, na katika 1975 na 1976 akakaa kule karibu mwaka mzima, akijifunza nizamu ya akili na mwili. Kwa biashara ya muziki, mtu wa miaka 29 anayefanya hivyo amejizika mwenyewe.

Lakini 1977 alikuwa anaishi New York wakati Eno alimpigia simu kutoka Berlin: yuko na David Bowie studio, je, anaweza kuja? Kazi aliyofanya kwenye wimbo “Heroes” inastahili kuelezwa. Ukisogeza gitaa ya umeme karibu na bafle inayolia kwa nguvu, sauti inajirudilia yenyewe, inaanza kulia bila wewe kugusa waya. Wengi wanaikimbia. Fripp aligundua kwamba kila nota inalia vizuri mahali pake: hii karibu na bafle, ile mbali kidogo. Kwa hiyo alama zikatiwa chini, na yeye akawa anahama kutoka alama moja kwenda ingine, nota kwa nota. Alirekodi mara tatu, na mara zote tatu zikawekwa pamoja. Ile sauti ndefu inayolia wimbo wote, ambayo wengi wanafikiri ni mashini, ni mtu anayetembea na kipimo.

Mwaka 1979 alizunguka peke yake na Revox zake, akipiga kwenye maduka ya disiki na restora ndogo, karibu na watu. Alikuwa anafundisha kwamba wakati mpya unahitaji vikundi vidogo, vyepesi, vyenye akili, kuliko kampuni kubwa zinazotembea na makamio. Mwaka 1981 akarudisha jina la King Crimson na kikundi kipya, na disiki iliyoitwa Discipline. Sisi tuliokulia kwenye seben tunajua namna solo na mi-solo zinavyojibishana, kwa hiyo haitatushinda kuisikia: magitaa mawili, lakini katika “Frame by Frame” moja inafika mahali inazunguka nota 14 na ingine 13. Zinaanza pamoja, kisha kila mzunguko zinaachana nota moja. Hapo akili yako inasikia nyimbo mbili ambazo hakuna mtu anayezipiga.

Yule aliyesema hana sikio, mwaka 1985 akaanza kufundisha. Mafunzo yake, Guitar Craft, yalianza Marekani, West Virginia, na wanafunzi wote walianza upya, hata wale waliokwisha kujua, juu aliwabadilishia waya: C, G, D, A, E, G kutoka chini kwenda juu. Vidole vyako vya zamani havikusaidii tena. Unakaa, unashika mgongo wima, unaanza na namna ya kushika kile kipande cha kupigia waya.

Sasa tufike kwenye kontra. Katika biashara ya disiki kuna mali mbili. Kuna wimbo wenyewe, kama ulivyotungwa, na kuna rekodi, ile sauti iliyonaswa studio. Kwa desturi kampuni inatanguliza franga, inalipa studio, kisha inakata gharama zake kwenye sehemu ya mwanamuziki kila disiki inapouzwa. Na siku deni linapoisha, rekodi inabaki ya kampuni. Ni sawa na mtu aliyekopa anunue moto, akalipa mpaka franga ya mwisho, lakini karte ya moto inabaki na jina la aliyemkopesha. Fripp alikuwa na EG, ofisi iliyosimamia King Crimson tangu 1969. Kufika mwanzo wa miaka ya 1990 akaingia na EG katika mgogoro juu ya malipo na haki za rekodi, mambo ya waavoka yaliyomla miaka kadhaa. Ilikuwa miaka ambayo angekuwa anapiga gitaa.

Mwaka 1992, yeye na David Singleton wakafungua kampuni yao, DGM. Sheria yake ya kwanza ilikuwa rahisi: haki ya kazi inabaki kwa aliyeifanya. Baadaye DGM ikaanza kuuzisha rekodi za konseri za zamani moja kwa moja kwa wasikilizaji, na mtandao wa Spotify haukupata disiki za King Crimson mpaka 2019.

Hata hivyo vita haikuisha. Mwaka 2012 Fripp alitangaza kwamba ameacha jukwaa, na sababu aliyotoa ilikuwa mgogoro na Universal, kampuni kubwa kuliko zote za muziki: makaratasi yalikuwa yanamaliza siku zake. Miaka miwili kabla, Kanye West alikuwa amechukua kipande cha “21st Century Schizoid Man” ya 1969 na kukitia ndani ya wimbo wake “Power”. Mwaka 2022 kampuni inayoshika haki ya rekodi ile iliipeleka Universal mahakamani London, ikidai hesabu ya malipo ya usikilizaji wa intaneti haikufuata mapatano. Mwaka 2024 wakasikilizana bila hukumu. Swali lote lilikuwa juu ya maneno machache ya kontra: mtu akisikiliza kwenye intaneti, inahesabiwa sawa disiki iliyouzwa, ao namna ingine?

Kule jukwaani alikuwa amekwisha kurudi tangu 2014, na wapiga ngoma watatu mbele na yeye nyuma kwenye kiti, sawa siku zote. Konseri ya mwisho ya King Crimson ilikuwa Tokyo, mwezi wa 12 mwaka 2021. Siku hizo wengi walikuwa wanamjua kwa kitu kingine kabisa: tangu Corona ya 2020, kila siku ya Yenga yeye na mke wake, mwimbaji Toyah Willcox, walikuwa wanatoa video kutoka jikoni mwao. Mama anaimba, anaruka, anavaa mavazi ya kuchekesha. Mzee ameketi, gitaa kwenye magoti, uso hauna habari, na nota zote ziko mahali pake.